Fundi Pima-Pima na Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Saa tatu asubuhi. Fundi umeme amesimama juu ya meza, kichwa kimepotelea darini, na nyumba nzima haina umeme. Swichi kuu ameizima mwenyewe. Hata hivyo hagusi kitu. Anaweka kipimo kwenye waya wa kwanza, anatazama, anahamia wa pili.

"Si umeshazima, fundi?" anauliza mwenye nyumba, nesi mstaafu anayetaka taa mpya na soketi za jikoni. "Mbona unapima kama mimi nilivyokuwa napima homa?"

"Homa ukikosea unarudia, mama."

Mtaani wanamwita Pima-Pima, na si kwa kumsifu. Mwezi uliopita aliitwa kutazama kazi tano, akapewa mbili. Watu wanataka fundi wa chapuchapu. Yeye siku nzima ya kwanza huzunguka na kipimo, akitafuta waya usiojulikana unakotoka.

Kwenye nyumba za zamani nyaya hizo hazikosekani. Hapa kwa nesi ameshakuta mbili, mpira wake umekauka, ukiukunja unamomonyoka mkononi.

Ana miaka arobaini na mmoja. Kazi alifundishwa na kaka yake. Miaka tisa iliyopita, Jumapili moja, wawili hao waliamua kuongeza soketi ya friji katika nyumba kuukuu waliyoachiwa na baba yao, ambamo kaka aliishi na mkewe na watoto.

Kaka alikuwa chumba cha nyuma, plaizi mkononi. Yeye alikuwa kwenye swichi kuu.

"Akaniuliza, 'Umezima?' Nikamwambia nimezima. Na nilizima kweli, Mungu ni shahidi. Ila hatukupima. Nyumba yetu wenyewe, tupime nini?"

Zamani chumba kile kilipangishwa kwa fundi cherehani, aliyejivutia umeme kutoka kwa jirani. Mpangaji huyo akahama, waya ukabaki ukutani, ukapakwa rangi. Haukupita kwenye swichi yao. Kaka aliukata, akafa palepale.

Watu wa umeme waliuondoa waya ule siku hiyohiyo. Chumba kikatiwa kufuli. Tangu mazishi, shemeji yake hajamruhusu kuvuka kizingiti.

"Simlaumu," anasema. "Mimi ndiye niliyesema nimezima."

Kinachomnyima raha sasa ni binti mkubwa wa kaka, mwenye miaka kumi na mitano. Amechoka kubanana na wadogo zake, na wiki iliyopita alifungua kile chumba akahamishia godoro. Kisha akampigia baba yake mdogo simu, akicheka: ukuta wa dirishani ukiugusa na mikono yenye maji, unatekenya.

"Nikajua kuna waya mwingine humo unaovujisha umeme. Nikamwambia, toka humo, mwanangu! Toka sasa hivi!"

Binti alirudi kulala na wadogo zake. Fundi akaanza kumpigia shemeji kila siku, akimsihi amruhusu kubadilisha nyaya za nyumba nzima. Juzi akakubaliwa: aje Jumamosi, na aje na fundi mwingine wa kupima nyuma yake.

"Akaniambia, 'Wewe ukisema umezima, sitakuamini.'"

Anashuka mezani, anajifuta vumbi usoni kwa mkono wa shati, na anachelewa kuuondoa.

"Nikamwambia usiniamini, shemeji. Nifungulie tu mlango."