Usiseme Salama na Kazi Imekwama

Mwanangu, jana nilikuwa napepeta mchele barazani nikakusikia ukizungumza na wenzako kwenye kompyuta. Yule wa Arusha akakuuliza sehemu yako ya programu imefikia wapi. Ukamjibu, "Iko poa." Ukaifunga kompyuta, ukanigeukia mimi, ukasema imekwama, leo siku ya nne. Sasa mimi ndiye ninayetengeneza hiyo programu? Nilitaka kukurushia ungo. Nikajizuia kwa sababu nilikumbuka siku ambayo na mimi nilistahili kurushiwa kitu, tena kizito kuliko ungo.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, mitumba na redio za Dubai zimejaa hadi Lindi, na kompyuta nazo ndiyo zinaingia. Mimi na mwenzangu Somoe tulikuwa tumesomea kompyuta pamoja Dar es Salaam. Tukapata kazi ya kuitengenezea hospitali moja ya Kilwa programu ya wachangia damu: muuguzi aulize kundi la damu, kompyuta imtolee majina ya watu na vijiji vyao. Mimi nilikaa Lindi, nikaandika sehemu ya kuhifadhi majina. Somoe alikaa Masoko, huko huko Kilwa, akaandika sehemu ya kutafuta na kuchapa. Disketi tulimkabidhi kondakta wa basi ndani ya bahasha, na kila Jumanne tulipigiana simu kwa kadi.

Makundi ya damu tuliyapa namba: A moja, B mbili, AB tatu, O nne. Siku moja nikaona O ndilo linalotafutwa sana, nikaliweka la kwanza na mengine nikayasogeza. Nilijiona mjanja kweli. Disketi ikaenda Masoko bila hata mstari mmoja wa maelezo. Nitamwambia Jumanne, nikajisemea.

Jumanne nikapiga.

"Hujambo, Somoe?"

"Sijambo. Habari za Lindi?"

"Salama. Mama anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, alhamdulillahi. Na kazi?"

"Inakwenda."

Tukaingia kwenye harusi ya binamu yake mpaka kadi ikaisha. Unatujua watu wa huku, hatuanzi na baya. Mtu anakujibu salama na paa lake limeezuliwa na upepo tangu jana. Habari hiyo utaipata ukishamaliza kuulizia hadi kuku. Jumanne iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na safari hii niliona na haya, maana angeniuliza kwa nini nimechelewa kusema.

Wiki ya tatu akaletwa hospitali mama aliyetoka kujifungua, anavuja damu. Kundi lake O. Somoe akachapa orodha mbele ya matroni, jina la kwanza likatoka la mkulima wa Kiranjeranje. Gari likamfuata, na wewe unaijua barabara ile wakati wa mvua. Alipofika, maabara wakampima kama kawaida yao, wakakuta ni AB. Orodha nzima ilikuwa ya AB, maana sehemu ya Somoe bado iliitafuta O kwa namba nne, na nne kwangu sasa ilikuwa AB. Matroni, Mama Hokororo, akafungua daftari lake la zamani, akampata mwalimu wa pale pale Masoko. Yule mama alipona, na namshukuru Mungu hadi leo. Lakini siku nzima ile Somoe alitazamwa kama mtu aliyetaka kuua, na kosa lenyewe halijui. Mimi nilikuwa Lindi nakula samaki.

Waliponipigia, nikapanda basi la kwanza kesho yake.

"Shikamoo, matroni."

"Marahaba. Nani alibadilisha namba?"

"Mimi."

"Mwenzako ulimwambia?"

"Nilikuwa nataka kumwambia."

Akanionyesha kitabu cha zamu. "Hapa wodini muuguzi anayemaliza zamu haniambii salama. Ananiambia wa kitanda cha tatu hajakojoa tangu asubuhi, wa kitanda cha tano nimembadilishia dawa. Na anaandika kitabuni kabla hajaondoka. Salama yako wewe ingeniulia mtu, binti."

Somoe alikuwa amesimama pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Jumanne mbili tunaongea harusi?" Nililia pale pale.

Tangu hapo kila bahasha ilibeba karatasi: nimebadilisha nini, nimekwama wapi, nasubiri nini kwako. Kwenye simu tulianza na lililoharibika, mama na kuku wakafuata.

Nyie leo mna simu mfukoni, mnaandikiana muda wowote, mnaonana hadi sura, na bado mnafichana. Mnanichosha kweli. Mwenzako aliye mbali hakusikii ukisonya, anajua kile ulichomwandikia tu. Ukigusa kitu ambacho kazi yake inakitegemea, mwambie kabla hujakituma, na uandike pale wote wanapoona. Ukikwama sema siku hiyo hiyo. Hiyo siku ya nne yako tayari imempotezea mwenzako siku tatu. Na yeye akisema amekwama usimcheke, la sivyo na yeye atajifunza kusema poa.

Wali bado haujaiva. Fungua kompyuta umwandikie huyo wa Arusha sasa hivi, nimekaa hapa nakutazama. Mungu aibariki mikono yako, akupe wenzako wasiofichana, na siku utakayowaambia ni salama, wakuamini.