Ngamia wa Ukutani kwa Adeer Siyad

Siku Kombo alipomchora yule ngamia tulikuwepo watano: mimi; mdogo wangu wa tumbo moja, Habiba; mama yetu, Hooyo Dahabo; ndugu wa baba, Adeer Siyad, mwenye duka; na Kombo mwenyewe, mchoraji kutoka pwani, asiye na undugu na yeyote Garissa, ila alikula kwetu hadi akawa wa kwetu.

Enzi zetu soko lilisomwa kwa picha. Sisi watoto tusiokwenda shule tulimjua fundi nguo kwa shati lililochorwa bila mtu ndani, na kinyozi kwa kichwa kisicho na shingo. Hapo tulipita mbio, tumeshikana mikono, vumbi la moto likituchoma nyayo, hadi tusikie harufu ya chai ya iliki kwa Adeer. Yeye aliuza maziwa ya ngamia, akataka ukuta wake useme hivyo.

Kombo hakuwajua ngamia. Akamtazama Adey, ngamia wetu jike, wa pekee aliyekuwa na maziwa wakati ule. Maziwa hayo ndiyo yaliyomweka Habiba hai, maana alikuwa mgonjwa na tumbo lake halikukubali kingine. Kombo akachora kila kitu: kope, sikio lililochanika, kichwa kikielekea mtoni alikozoea kunywa. Halafu akachora shingoni ile alama ya ukoo wetu, tunayowachoma ngamia wetu kwa chuma cha moto.

Hooyo akatua kibuyu chini.

“Kombo, hiyo futa. Alama ya watu haiwekwi kwa mnyama asiyepumua. Ukishamtia alama, umemwingiza zizini.”

“Mama, ni rangi tu. Kesho utanituma nimnyweshe?”

“Dahabo, mwache,” Adeer akacheka. “Huyu angalau hatakula miti ya watu.”

Jioni ngamia walirudi, Adey hakurudi. Asubuhi wanaume wakafuata nyayo zake kutoka mtoni. Zilipita uwanja wa mifugo, zikaingia sokoni, zikafika ukutani kwa Adeer, zikaishia hapo. Hakuna aliyecheka tena. Hooyo akasugua ukuta kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Ngamia akafutika, alama ikabaki. Kombo akaondoka bila kuaga, brashi zake akaziacha kwenye kopo. Habiba tulimjaribu kwa maziwa ya mbuzi, kwa maji ya sukari. Ramadhani haikumkuta hai.

Siku hizi maduka yana herufi zinazowaka taa. Vijana wana marafiki kwenye simu wasiowahi kuwaona, lakini alama ya ngamia wa babu zao hawaijui. Mjukuu wangu Fardosa amefungua duka la simu palepale kwa Adeer. Ukuta ameupaka rangi mara tatu. Kila mara alama hutokeza kwanza, kisha shingo, kisha kope.

“Ayeeyo, ni unyevu,” ananiambia.

Unyevu, Garissa hii?

Juzi nilikaa mbele ya ukuta nikamtazama ngamia vizuri. Sikio lililochanika limerudi. Ila kichwa hakielekei mtoni. Kinaelekea mlangoni, anapokaa Fardosa.

Nyinyi mliocheza nasi sokoni pale, majina ya waliokuwepo siku ile nimeyataja yote, na sidhani nimekosea hata moja. Lakini hilo la kichwa nisahihisheni, nawaomba. Niambieni uzee umenichanganya. Niambieni Kombo alimchora tangu mwanzo akitazama mlango.