Kikapu cha Omena Kilichokwenda Kupiga Kura

Nakumbuka siku nilipoiharibu picha moja pale kwetu Karungu. Na laiti ungeiweka chini hiyo simu, mwanangu, ungejua kwa nini jana nilifoka nilipokukuta ukiloweka leso yangu kwa sabuni ya madoa, eti itoke vizuri kwenye picha.

Nilikuwa msichana mwenye kamera ya kuazima na kiburi changu mwenyewe. Akina mama wa kanisa kule Magunga walitaka picha za vitu vya bibi zetu waliotangulia kupiga kura, zitundikwe ukumbini. Si sura zao, vitu: kibuyu, mwiko, chochote walichokuwa nacho siku ile. Bibi yangu, tuliyemwita Dani, akanipa kikapu chake.

Kikapu gani hicho! Kimetoboka, kinanuka omena, wale dagaa wa ziwani, hata ukianike wiki nzima. Lakini kilikuwa na kisa. Babu alikuwa ameamua kwamba nyumba moja ina kura moja, nayo ni yake. Dani hakubishana naye. Asubuhi ya uchaguzi alijaza omena kikapuni, akaficha kadi ya kura chini kabisa, akajitwika, akaaga kwamba anaenda sokoni. Akapiga kura. Karani, Dani alitusimulia akicheka, aliishika ile kadi kwa vidole viwili.

Mimi nikajifanya mjuaji. Nikaazima kikapu kipya kwa jirani, cha rangi tatu, nikakipiga picha. Kile kikuukuu nikawashia moto wa chai. Usiache mbachao kwa msala upitao: methali hiyo tuliikariri shuleni mpaka tukachoka, na kichwani mwangu haikuingia.

Siku ya maonyesho Dani alisimama mbele ya picha.

"Nyakwara," akaniita, yaani mjukuu wangu, "hii kikapu ni ya nani?"

"Ni ya picha tu, Dani. Yako ilikuwa imezeeka."

"Hii haijaenda mahali. Yangu iko wapi?"

Nikamwambia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliketi, akasema, "Basi watu watasema nilienda soko tu."

Dani tulishamzika, na kilichobaki ukutani ni kikapu cha jirani. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Sasa nawe na sabuni yako! Lile doa ni wino wa kura yangu ya kwanza. Nilijifuta kidole kwa leso ile nikilia, nikimkumbuka Dani. Bahati yako halikutoka.

Sikia basi, maana nimechoka kurudia. Kabla hujakipiga picha kitu cha mwanamke mzee, muulize kilikwenda naye wapi. Usikisafishe, usikibadilishe, na jina lake uliandike chini. Mungu akupe macho yanayoona, mwanangu, na akujalie wajukuu wanaosikia mara moja.

Haya, itandaze leso hapo mlangoni penye mwanga, uipige picha. Doa likae juu.