Alikuja Mchana, Akaomba Azikwe

Nyie mnaocheka, chekeni. Mimi niliyaona kwa macho haya, na sikuwa nimelala wala sikuwa nimelewa. Ilikuwa Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, miaka michache kabla ya uhuru.

Mume wangu, mvuvi wa dagaa, alizama na mtumbwi wake na mwili haukuonekana. Kwetu mtu akipotea hivyo, ndugu zake wa damu huzika shina la mgomba badala yake, matanga yakaisha, mjane akawa huru kurudi kwao. Shemeji zangu walikataa. Eti labda yuko hai, amevukia Kongo. Uongo mtupu. Walitaka mikono yangu mashambani mwao, basi.

Mwaka uliofuata ikaja meli ndogo ya Wazungu wachunguzi wa viumbe wa kilindini. Walishusha wavu kwa waya mrefu, wakatoa samaki wenye macho makubwa ajabu na kaa ambao hata wavuvi wetu hawakuwajua. Kisha wakateka maji ya chini kabisa. Yalinuka yai viza. Mkalimani wao alitueleza kuwa kule hakuna hewa, hakuna samaki wala mdudu anayeweza kuishi.

Watu husema wafu hutembea usiku. Wangu alikuja jua la utosi, nikigeuza dagaa mchangani. Kwanza nilisikia harufu ileile ya yai. Kuinua uso, huyu hapa amechuchumaa mbele yangu, kaptura yake ileile, ngozi haijaguswa na samaki. Wewe ungekimbia? Mimi nilibaki na dagaa mkononi.

Akanishika mkono. Baridi yake, jamani, siwezi kuieleza.

"Mke wangu, kule hakuna hata wa kunila," aliniambia. "Siozi. Waambie wanizike."

Kupepesa macho, hayupo. Bangili yangu ya shaba, pale alipoigusa, ilikuwa nyeusi tii.

Nilikwenda mbio kwa shemeji zangu, nikawaeleza yote na bangili nikawaonyesha. Yule mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Shemeji, wataalamu wamepima," alisema. "Kule chini hakuna kinachoishi. Sasa wewe umeongea na nani?"

Watu ambao hawakuwahi kuamini neno la Mzungu hata kuhusu dawa ya homa, siku hiyo wakawa wanafunzi wake. Wakasema natafuta mwanaume mwingine wa kunioa. Niliwachukia, na sioni haya kulisema.

Hawakuzika. Sasa wamekufa wote, wamezikwa vizuri kwa sala na vilio, na hakuna ndugu wa damu aliyebaki wa kumkatia mwenzao mgomba. Kwa hiyo ukipotelewa na mtu majini, wabane ndugu zake wazike wiki hiyohiyo. Usikubali wakuambie ngoja. Mume wangu bado huja mchana, ananitazama tu. Mimi meno yamekwisha na mgongo umepinda. Yeye bado ni kijana yuleyule, na mimi bado ni mke wake.