Kibembe cha Bibi

Harufu ya ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, walioanikwa mchangani haijaniondoka puani tangu utoto wangu Rumonge. Asubuhi mitumbwi ilipoingia, wanawake walikimbilia majini, na aliyemwamkia mvuvi kwa lugha ya kwao ndiye aliyeuziwa kwanza. Bibi yangu, mjane mwenye mvi kichwa kizima, alinyonya Kirundi, Kiswahili akakipata sokoni, na Kibembe akajifunza uzeeni kwa wavuvi wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, huku akigeuza samaki na kujirudia maneno kama mtu anayesali. Wavuvi walimwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao, wakamtania, "Koko, njoo tukuoe, umeshakuwa wa kwetu!" Akawajibu kwa Kibembe hicho hicho, na ufuo mzima ukacheka.

Kiangazi kimoja akaanza kusahau. Akatia chumvi kwenye chai, akaniita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Mama hakukawia kutoa hukumu. "Ni hizo lugha. Kichwa kimejaa, sasa kinamwaga. Mama, ufuoni basi!" Majirani wakaunga mkono. Bibi akasihi, "Mwanangu, niache nikawaamkie tu, sitanunua kitu." Akakatazwa. Akawa anakaa uani, mgongo ukutani, mikono ikigeuza samaki wasiokuwepo, na kabla mvua hazijaanza alikuwa hasemi tena. Ndipo mvuvi mmoja akapita kumjulia hali. Alipomwamkia kwa Kibembe, Bibi aliinuka, akamuuliza habari za mkewe na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mama akalia kwa furaha, akamshika mkono, akamwita kwa Kirundi. Bibi akamtazama, kisha akamgeukia mvuvi na kusema neno. Mvuvi akainamisha macho.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anauliza huyu mwanamke ni nani."

Mimi shule niliiacha mapema, na biashara yangu ya mawese nimeijenga kwa mdomo, kwa lugha za watu. Wasomi wanasemaje juu ya ubongo wa mzee, sijui, nilichokiona nimekiona. Leo ndagala wanaanikwa juu ya nyavu, Mama tumeshamzika, nami nimempita Bibi kwa umri. Najifunza Kiingereza kwa wajukuu, na binti yangu huniambia, "Mama, pumzisha kichwa." Juzi alisimama mbele yangu nikalitafuta jina lake, nisilipate mpaka alipokwenda sokoni. Sikumwambia. Nilijifunga kitenge, nikashuka ufuoni kuwaamkia wavuvi kwa Kibembe, kabla hajarudi kunizuia.