Wenye Chui Wapishe

Gari la bibi harusi likishatokeza kwenye kona ya bonde, msimamizi wa sherehe husimama mlangoni, hukohoa, kisha hutangaza: "Wenye Chui wapishe!" Katika kijiji cha Nangou hakuna asiyejua tangazo hilo linamlenga nani. Wala halina haja, maana Dang Qiaoling huwa ameshapisha zamani. Yuko jikoni, pazia limeshushwa, mikono imejaa unga.

Alizaliwa mwaka wa chui milia. Kila mwaka una mnyama wake, wako kumi na wawili wanaopokezana, na mtu hubeba wa mwaka wake tangu kuzaliwa mpaka kaburini kama abebavyo jina la ukoo. Wenye nyota ya Ng'ombe au Mbwa wanajiishia zao, hakuna anayewauliza kitu. Chui ana meno. Akimtazama bibi harusi anapovuka kizingiti, tumbo la bibi harusi hufunga. Akiingia chumba cha mzazi, kichanga hulia mpaka kikazimia. Hakuna mtu Nangou aliyewahi kuyaona hayo yakitokea, kwa sababu hakuna Chui aliyewahi kuachwa aingie ili yaonekane. Imani za namna hiyo huishi miaka mingi.

Hata saa aliyozaliwa ilikuwa na ubishi wake. Chui wa usiku ana njaa, ametoka kuwinda. Wa mchana ameshiba, amelala. Mama yake, Xue Guihe, aliwaapia washenga wote waliokaa juu ya kitanda chake cha udongo kwamba Qiaoling alikuja saa nane mchana, jua likiwa kali.

"Nilikuwa nakata tambi," alisema. "Hata kisu sijakiweka chini."

"Tambi gani?" aliuliza shangazi yake Qiaoling, ambaye ulimi wake ulikuwa haujui likizo. "Si mimi niliyekushikia taa?"

"Ulishika taa kwa sababu chumba kilikuwa cha giza."

"Na nje nako kulikuwa chumba cha giza?"

Washenga wawili walikunywa maji ya moto wakaaga. Wa tatu alileta jina la Lei Genxi, mtu wa ng'ambo ya bonde, mnene, mpole, mwenye nyota ya Nguruwe. Wazee husema Nguruwe na Chui hupatana. Genxi mwenyewe alisema miaka yote, hasa akiwa amepata tone la pombe ya mtama: "Kijiji kizima kinamwogopa Chui wangu. Mimi nalala naye kila siku na sijapungua hata kilo moja."

"Nguruwe mwenyewe mafuta matupu," Qiaoling alimjibu. "Nani akule, aharishe?"

Walipatana kweli. Hilo tuliseme, maana si kila kitu katika maisha yake kilikuwa cha kusikitikiwa.

Kazi iliyompa jina ilikuwa mikate ya maua, ile inayofinyangwa kwa unga wa ngano na kupikwa kwa mvuke. Kwa harusi alifinyanga majoka na ndege wanaobusiana. Kwa maziko alifinyanga mikate mikubwa myeupe isiyo na rangi nyingi. Na mtoto alipotimiza mwezi, alifinyanga chui: mkubwa kama mto wa kulalia, macho ya maharage meusi, ulimi wa pilipili nyekundu, mkia umekunjwa mgongoni. Chui wa unga humlinda mtoto, hufukuza mabaya, ndiyo maana huwekwa kitandani karibu na kichwa chake, na ndiyo maana mtoto huvishwa viatu vyenye uso wa chui na kofia yenye masikio ya chui. Kwa hiyo chui wa unga alipelekwa mpaka ndani, akasifiwa, akashikwashikwa. Chui wa nyama na damu alibaki uani akiuliza kama mkate umeiva.

Mjukuu wake mwenyewe alimwona kwa mara ya kwanza siku alipotimiza mwezi. Kabla ya hapo alimsikia tu akilia nyuma ya ukuta, na alilia kama watoto wengine wote.

Siku iliyomchoma zaidi ilikuwa ya harusi ya mdogo wake. Saihua alikuwa kitinda mimba, mwenye nyota ya Jogoo, na Qiaoling ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kukimbia. Alimfundisha kusuka nywele. Asubuhi hiyo alishika kitana, akaanza kumchana, na mama yake akasimama mlangoni. Guihe hakupaza sauti. Alifanya lile tendo lake la siku zote, mgongo wa kiganja ukipunga hewani, kama mtu anayefukuza kuku kwenye nafaka iliyoanikwa.

"Pisha, mwanangu. Nenda jikoni."

"Mama, huyu ni Saihua."

"Najua ni nani. Nimemzaa mimi. Pisha." Kisha, taratibu: "Si mimi. Ni mwaka wako."

Qiaoling aliweka kitana juu ya meza akaenda jikoni. Kaka yake mkubwa, Zhenhai, na mdogo wao Zhenshan walikuwa mlangoni kwa bibi harusi wakicheka na kuwadai washenga zawadi. Aliwasikia wote. Iliuma. Tusizunguke mbuyu: iliuma siku ile, na iliendelea kuuma muda mrefu baada ya Saihua mwenyewe kusahau rangi ya koti alilovaa.

Jioni mama yake alikuja jikoni. Hakuomba radhi, hakueleza. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kunazi nyekundu na karanga, zile zinazomwagwa juu ya kitanda cha maharusi ili wapate watoto, akazimwaga ndani ya aproni ya binti yake.

"Kula," alisema.

Alifanya hivyo kila harusi. Harusi ya jirani, harusi ya binamu, hata ya mtoto wa Qiaoling mwenyewe: kwanza kiganja kinapunga hewani, "si mimi," halafu jioni kunazi na karanga. Qiaoling alizila. Hakuwahi kujua kama alikuwa akilipwa au akinyamazishwa, naye hakuuliza.

Genxi alitangulia kufa, kimya kimya, kama alivyoishi. Guihe akazeeka mpaka meno yakamwisha. Alikaa kwa Zhenhai, na Qiaoling alivuka bonde kila alipopata nafasi, amebeba mkate laini wa kulowesha kwenye mchuzi. Siku moja ya baridi, akiwa anamlisha, alisema neno lililomkaa kooni muda mrefu.

"Mama, siku yako ikifika, mpiga falaki ataangalia siku na kutaja nyota za kutoka nje. Akitaja Chui, niende jikoni?"

"Akikutaja, utaenda."

"Hata kwako?"

"Sasa unataka nikuchagulie siku ya kufa?" Bibi kizee alicheka, mchuzi ukamtiririka kidevuni, Qiaoling akampangusa. "Siku si zangu, mwanangu. Zingekuwa zangu ningekuzaa mwaka mmoja kabla, ukawa Ng'ombe, tukapumzika wote."

Alitafuna kwa ufizi kidogo.

"Usigombane nao. Ukiambiwa pisha, pisha."

"Ndiyo, mama," alisema Qiaoling. Lakini moyoni alikula kiapo. Harusi zote wamemnyima, sawa. Uso wa mama yake wa mwisho hawatamnyima. Wamtaje, wamfukuze, wamwite mchawi. Siku hiyo hapishi.

Guihe alifariki mwezi wa mwisho wa mwaka, ardhi ikiwa imeganda. Qiaoling alifinyanga mikate ya maziko. Asubuhi ya kuzika, uani kwa Zhenhai kukiwa kumejaa watu wenye vitambaa vyeupe kichwani, mke wa Zhenhai, Ximei, alimvuta pembeni. Ximei hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na watu wa utaratibu huchosha kuliko wabaya.

"Wifi, nakwambia mapema tusije tukaaibishana mbele za watu. Mzee Hou akianza, wewe kaa jikoni. Na maji ya wageni nani atayaangalia?"

"Ameshataja nyota?"

"Bado. Lakini wewe si Chui? Ya nini kusubiri?"

"Basi nitasubiri mimi."

"Wifi, usituletee makubwa leo."

"Makubwa yamelala ndani ya jeneza, Ximei. Mimi nimesimama tu."

Mzee Hou, mpiga falaki, alikuwa mwembamba, na makamasi ya baridi yalikuwa yakimsumbua. Alisimama kichwani mwa jeneza, akapangusa pua, akafungua kinywa. Na hapo likatokea jambo ambalo Qiaoling hakulitegemea. Miguu yake iliondoka. Kiapo kilikuwa moyoni, lakini miguu haikuwepo siku ya kuapa. Ilijua jambo moja tu tangu ujana, kwamba mzee akifungua kinywa, wao huelekea jikoni. Alipozinduka alikuwa ameshika pazia la jikoni, ana hasira na nafsi yake mpaka meno yanagongana.

"Siku ya leo inakataza Panya!" Mzee Hou alitangaza. "Farasi! Sungura! Jogoo! Watoke nje, wageukie ukuta, wasitazame nyuma mpaka msumari wa mwisho!"

Zhenhai, mwenye nyota ya Panya, aliinua kichwa. Zhenshan alikuwa Farasi. Saihua alikuwa Jogoo. Mjukuu mkubwa wa kiume, ambaye angeshika nafasi ya baba yake, alikuwa Sungura.

"Mzee Hou, hesabu tena," alisema Zhenhai. "Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nikitoka, nani atamwita mama?"

Lilikuwa swali la haki. Jeneza likipigwa misumari, lazima mtoto amwite marehemu, amwambie msumari unatoka upande gani ili roho ijiepushe. Asiyeitwa hupigiliwa humo humo.

"Nimehesabu mara tatu," alisema Mzee Hou. "Ataita mtoto aliyebaki ndani."

"Aliyebaki ni Chui!" Ximei alidakia.

"Nimetaja wanyama wanne, mama. Chui leo sikumtaja." Mzee Hou alipangusa pua tena. "Nawe ni Sungura, kama kumbukumbu yangu nzuri. Mbona bado umesimama?"

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Wakaanza kutoka. Zhenhai alitoka wa kwanza, mzito, kama mtu aliyeamriwa kuacha mzigo katikati ya njia. Saihua alipopita penye pazia alimshika dada yake mkono wa koti.

"Dada, mwite vizuri," alisema, akakimbia ukutani.

Qiaoling aliingia. Hakuna aliyemzuia, na kwa muda hakujua aweke wapi mikono yake. Uso wa mama yake ulikuwa umekuwa mdogo, wa manjano, na mkali kidogo, kana kwamba tambi zimeungua mahali. Aliutazama mpaka akatosheka, akijivuta nyuma ili machozi yasidondokee maiti. Ndani ya mfuko wa aproni zilikuwa zimebaki kunazi alizopambia mikate. Akazichota, akazitia ndani ya mkono wa kanzu ya mama yake, pale ambapo mtu huficha kitu cha kumpelekea mwingine.

"Kula," alisema.

Kifuniko kikashushwa. Seremala akaweka msumari wa kwanza upande wa kushoto, akainua nyundo, akangoja. Qiaoling alikuwa bado anaitazama nyundo.

"Mwite, bibi," seremala alinong'ona. "Mkono unachoka."

Neno alilijua. Alikuwa amelisikia kuliko neno lingine lolote duniani, ila hakuwahi kuwa yeye wa kulisema. Alishangaa jinsi lilivyo zito kulitoa. Alimfikiria mama yake amesimama mlangoni siku ya Saihua, kitana kikiwa mezani.

"Mama, pisha!" aliita. "Msumari unatoka kushoto, sogea kulia!"

Nyundo ikapiga. Kule nje, Zhenhai aliruka. Ilikuwa sauti ya mama yao hasa, na nusura ageuke. Hakugeuka.

Seremala akazunguka upande wa pili. Qiaoling akaona mkono wake mwenyewe umeinuka, mgongo wa kiganja ukipunga hewani juu ya jeneza, taratibu, kama wa mtu anayefukuza kuku kwenye nafaka.

"Pisha, mama. Sogea kushoto," alisema, safari hii bila kupaza sauti. "Si mimi. Ni siku."

Seremala akapiga.