Gunia la Maganda

Mama alipozikwa kijijini kwetu Petta, karibu na Tororo, mvua za mwisho wa mwaka zikiisha, watu walingoja nilie. Sikulia. Shangazi mmoja alinifinya mkono pale kaburini, eti kunisaidia, nikamwambia aniachie. Nilisikia viatu vinanibana, nilisikia njaa, basi. Jioni ile nikaingia chumba nilichokulia, nikalala, na wiki tatu sikutoka ila kwenda chooni. Kibanda changu cha mitumba kule Busia, upande wa Kenya, kilikaa kimefungwa. Wateja walipiga simu mpaka nikaizima.

Baba alisema neno moja tu siku ya mazishi. Mvua ikirudi, tutapanda maharagwe ya mama yako. Yalikuwa maharagwe madogo yenye madoa mekundu, aliyokuja nayo kutoka kwao Sikuda alipoolewa, na alikuwa akiyapanda nyuma ya jiko kila mwaka. Kwao wenyewe waliyaacha zamani, siku hizi wanapanda ya dukani. Yaliyobaki duniani, kwa kadiri tulivyojua, yalikuwa ndani ya jiko letu.

Wiki hizo tatu baba ndiye aliyepika, kama unaweza kuita kule kupika. Alifanya kazi reli ya Tororo miaka mingi, na huko aliokota Kiswahili chake, ambacho hukitoa akitaka kunitania au akiwa na neno zito. Kila asubuhi aliweka chai na njugu za kukaanga mlangoni pangu. "Mgeni, chakula iko," alisema. Jioni aliondoa kikombe kikiwa kimeshika utando, na hakulalamika.

Kiangazi kikaingia. Hata mimi niliyelala kama gogo nilikijua kwa pua: jirani anakaanga simsim, mahali fulani fenesi limeiva hadi limepasuka. Huo ndio uliokuwa wakati wa mama. Alikuwa anasiliba ua kwa samadi ya ng'ombe, anaanika wimbi, kisha anakaa kivulini na fimbo yake kuwatukana kuku. "Hamna haya nyinyi, hata mchungaji hungoja aalikwe!" Mimi nilikuwa nakaa karibu naye nachambua simsim, nakula nyingi kuliko ninazochambua, naye anajifanya haoni. Niliyakumbuka hayo yote kitandani. Hayakuniuma. Ningefurahi kama yangeniuma.

Asubuhi moja niliamka. Msinitafutie sababu, sina. Nilikwenda chooni, na wakati wa kurudi miguu ikapitia jikoni. Kulikuwa na chungu cha majani ya kunde aliyoyakausha mama mwenyewe. Nikaona leo tule chakula cha watu.

Kunde kavu hazilainiki bila chumvi ya majivu. Unachukua maganda makavu ya maharagwe, unayachoma, majivu yake unayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, unamwagia maji, na kinachodondoka, chekundu kama chai isiyo na maziwa, ndicho unachopikia. Gunia la maganda lilikuwa darini, juu ya moshi, pale pale pa siku zote. Nikalishusha, nikalimwaga lote juu ya bati uani, nikawasha. Baba alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba anatia jembe mpini.

Moto ulipofika katikati ya rundo, maganda yakaanza kupasuka, pa, pa, pa. Ikaja na harufu, ya maharagwe ya kukaanga. Niliisikia vizuri tu. Nikachukua kijiti, nikachochea.

Mchana tulikula ugali wa wimbi na zile kunde, nimeziunga kwa simsim. Baba alikula polepole, akalamba vidole. "Chumvi ya mama yako hii," alisema. Nikamwambia ndiyo. Nikamaliza sahani yangu. Kesho yake nikasiliba ua, keshokutwa nikaanika wimbi, na wale kuku nikawafukuza, ila matusi sikuwa nayo. Siku zikaenda hivyo, moja inafanana na nyingine, wala sikuziona mbaya.

Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya Mwamba wa Tororo, nikaenda jikoni kuchukua mbegu. Nikanyosha mkono darini. Ndipo nikakumbuka.

Mama hakuwa akiweka mbegu peke yake, maana njaa ya kabla ya mavuno ingetufanya tuipike. Aliiacha ndani ya maganda yake bila kuipukuchua, akaificha chini kabisa ya gunia la maganda matupu, ambapo macho hayawezi kutofautisha. Na mimi nilijua! Nikiwa na miaka minane nilichapwa kwa kuichokoa mbegu ile na kuichoma mkaani. Hakuna mgeni aliyetuharibia. Ni mimi, kwa mikono yangu miwili, na tuliila ikiwa chumvi.

Siku tatu nilimkwepa baba. Ya nne akaniita nyuma ya jiko, ana jembe lake, akanishikisha mfuko wa maharagwe ya dukani.

"Baba," nikasema, "ile mbegu ya mama..."

"Mimi najua."

"Niliichoma. Siku ile ya kunde."

"Nasema najua. Mimi nakaa pale mlangoni, naona moto, nasikia mbegu inalia ndani yake."

Nikapandwa na hasira, hasira ya kweli, ya kwanza tangu mazishi. "Ala! Uliona? Na hukunizuia? Yalikuwa ya mwisho, baba! Ungesema neno moja tu!"

Alikuwa ameinama, anafukua shimo. Hakuinua uso.

"Wiki tatu wewe hapana amka," alisema. "Siku ile umeamka. Umeshika moto, unataka kupika. Kama mimi napiga kelele, wewe unarudi kulala. Nikasema, wacha iungue."

Akanyosha mkono nimpe mbegu. Sikuweza kumpa, maana nilikuwa nimekaa chini kwenye udongo, nalia kwa sauti kama mtoto. Baba akauchukua mfuko mwenyewe, akapanda mstari wote ule, na aliporudi nilipokuwa nimekaa akaanza wa pili.